Santuri Mikononi mwa Mtani

Gongoni nzima, pale Tabora, ilijua kwamba Twalibu wa Mwanajuma anakwenda Mtendeni kila Ijumaa baada ya alasiri, na Gongoni nzima ilikuwa na sababu yake. Wako waliosema amepata mchumba kwa Waarabu. Wako waliosema anatafutiwa dawa ya mapafu, maana kijana mwembamba vile hawezi kupuliza tarumbeta kwa nguvu zake mwenyewe. Sikuzani muuza vitumbua, ambaye habari zake huiva kabla ya vitumbua vyake, aliapa kwamba huko analishwa biriani, kwa sababu akirudi huwa haombi chakula na macho yake yameshiba.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko yote hayo. Twalibu alikuwa anakwenda kusikiliza santuri.

Santuri ilikuwa ya Salmini, mtoto pekee wa Bi Zeyana, bibi wa Kiarabu wa Mtendeni; kijana huyo alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shule zamani, kabla hajaondoka nchini. Ilitoka Marekani, kubwa kama sinia ya kahawa, na jalada lake la buluu lilikuwa na picha ya mtu mweusi aliyefumba macho, tarumbeta imelala kifuani kama mtoto. Bi Zeyana mwenyewe ndiye aliyeiweka kwenye redio yake kubwa ya santuri, ile yenye miguu minne kama kabati, kisha akaketi pembeni na tasbihi yake. Alimkubalia Twalibu kwa sababu moja tu: siku moja kijana alipita chini ya dirisha, akaisikia, akasimama juani mpaka upande mzima ukaisha. Bibi akatoa kichwa akamwambia, "We kijana, utaungua. Ingia ndani, lakini viatu nje."

Mara ya kwanza alidhani santuri ni mbovu. Tarumbeta ilianza, ikasema maneno mawili matatu, ikanyamaza. Besi ikabaki inatembea peke yake, kama mtu anayerudi nyumbani na hana haraka. Twalibu akangoja. Akangoja mpaka akamtazama Bi Zeyana kutaka kuuliza kama imekatika. Ndipo tarumbeta ikarudi, mahali ambapo mtu mwingine asingeiweka hata kwa kulipwa, ikasema neno moja dogo, na vinyweleo vya shingo vikamsimama.

Tangu siku hiyo alikuwa mgonjwa. Maana yeye alipiga tarumbeta katika Kiloleni Jazi, na katika Kiloleni Jazi tarumbeta hainyamazi. Ukinyamaza, Shomari, kiongozi na mpiga gitaa la solo, anakutazama kama umekula nauli ya bendi. Twalibu alimshawishi Shomari aje asikilize naye. Shomari akavua viatu, akasikiliza upande mmoja kwa heshima zote, akatoka nje, akawasha sigara.

"Unaonaje, kaka?"

"Naona watu watano wanatafuta funguo gizani."

"Lakini hii ndiyo jazi yenyewe, kaka Shomari. Hii ndiyo baba yake."

"Sisi tunaitwa jazi, wao wanaitwa jazi, na hatujawahi hata kusalimiana. Twende, watu wanataka kucheza."

Twalibu hakusikia. Jumamosi moja, ukumbi umejaa, katikati ya wimbo ambao watu walikuwa wanaupenda, alishusha tarumbeta akanyamaza, kama yule mtu wa jalada la buluu. Alitaka kimya kile kiive. Hakikuiva. Wachezaji waliyumba kama watu waliokosa ngazi, mmoja akapiga kelele, "Mpeni maji huyo, amekwama!" na ukumbi mzima ukacheka. Shomari akaliziba pengo kwa gitaa. Baadaye alimvuta pembeni. "Yule wa kwenye santuri ananyamaza kama mtu anayejua atakalosema. Wewe umenyamaza kama mtu aliyesahau."

Neno hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa anasikia kitu ambacho hakuweza kukifanya, na hakuna wa kumwonyesha ila ile santuri. Na santuri nayo ilikuwa inaondoka.

Nyumba ya Bi Zeyana ilikuwa imeshachukuliwa na serikali, kama majumba mengine makubwa ya kupangisha, na Salmini, aliyekuwa Maskati huko Uarabuni amepata kazi bandarini, alikuwa ameleta neno: mama, njoo. Vitu uza vyote, santuri yangu usiuze. Ile redio yenye miguu minne ilinunuliwa na mwenye baa ambako Kiloleni Jazi walikuwa wanapiga. Bi Zeyana alikuwa amebaki na masanduku mawili, mkeka, na jalada la buluu lililoegemea ukuta.

"Bibi," Twalibu alisema, "niazime. Nikaisikilize kule baa mara moja tu. Nitairudisha kabla hujasafiri."

Bibi akalichukua jalada pale ukutani. "Gari langu la moshi ni Jumamosi mchana. Hii si yangu, mwanangu. Ni amana, nami nakupa amana. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Akaifunga kwa kanga kuukuu, akaibeba kwapani, akatembea polepole toka Mtendeni kama mwenye yai. Alipokaribia Gongoni alisikia kilio. Mzee Lukumani, mwenye nyumba alimoishi Twalibu na mkubwa wa ukoo wao wote, alikuwa amekata roho akisubiri uji wake.

Katika nyumba ya msiba hakupigwi santuri. Hata kuifikiria ilikuwa aibu. Twalibu aliiweka juu ya kabati chumbani mwake, akaisukuma mpaka ukutani, akaenda kuchukua jembe. Toka hapo hakupumzika. Aliitwa kuchimba kaburi, aliitwa kuleta maji, aliitwa kupokea wageni toka Uyui na Sikonge, na kila akipita mlangoni mwa chumba chake aliona kimejaa wanawake waliojinyoosha mpaka chini ya kabati. Moyo wake ulikuwa juu ya kabati lile zaidi kuliko ulivyokuwa kwa marehemu, na hilo nalo lilimwogopesha.

Kisha wakaja watani.

Kila mtu anajua, Mnyamwezi akifa, Mgogo haji kulia. Utani wao ni wa njia ya misafara, toka enzi za mababu waliokuwa wanabeba pembe kwenda pwani na kupita katikati ya Ugogo. Aliyekuja safari hii alikuwa Elieza, mkuu wa genge la reli kule Kigwa, mtu mnene mwenye miguu mifupi na sauti ya honi. Aliteremka kwenye gari la mizigo, akafika wakati jeneza linatoka, akalala chali katikati ya njia.

"Hapiti mtu! Huyu mzee aliniahidi tusi la mwisho, na hajanipa! Mfunueni anitukane, ndipo mkamzike!"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Shangazi Mwanajuma, mlezi wa Twalibu, akamrushia mchanga. "Inuka, Mgogo, unamzuia mtu kwenda kupumzika na makelele yenu!" Akainuka baada ya kupewa kofia ya marehemu, akaivaa kichwani siku nzima, ikamkaa kama kikombe juu ya boga.

Walipotoka makaburini, Elieza alivamia jikoni uani. Akawapokonya wanawake upawa, akaonja pilau, akasema wali wa Wanyamwezi una ladha ya soksi, akatangaza kwamba atapika mwenyewe. Moto ukawa unasinzia. "Kipepeo cha moto kiko wapi? Nyumba kubwa hivi haina kipepeo?" Akaingia ndani, maana mtani msibani haulizi mlango ni wa nani.

Twalibu alikuwa anaingia uani na ndoo mbili za maji alipomwona. Elieza amechutama mbele ya mafiga, makaa yamekuwa mekundu, naye anapepea kwa bidii kwa kitu cha buluu. Yule mtu aliyefumba macho alikuwa anakwenda juu na chini, juu na chini, cheche zinaruka kwenye uso wake, na kona moja ya jalada ilikuwa inatoa moshi.

Ndoo zilianguka. Hakukumbuka kukimbia. Alichokumbuka ni mikono yake miwili kwenye bega nene la Elieza, na Elieza anakwenda upande, sufuria ya mchuzi inamfuata.

"Mwizi! Mgogo mwizi mkubwa!"

Uani wote ukacheka. Neno lile si kitu. Mtani hulipokea kama peremende. Lakini shida haikuwa neno, shida ilikuwa uso. Wanawake walimtazama Twalibu, wakaona machozi yanatoka, na vicheko vikafa kimoja kimoja, mpaka akabaki Sikuzani peke yake, naye akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Elieza alijiinua. Alikung'uta mchuzi kwenye suruali yake, akavua kofia ya marehemu, akaitundika kwenye mwiko.

"Kumbe umekasirika," alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Umenisukuma kwa hasira. Kwenye msiba. Mimi."

"Hiyo si yangu! Ni ya watu! Nipe!"

"Ungesema kwa mdomo wa utani ningekupa na mchuzi juu yake. Sasa umesema kwa hasira." Akaliokota jalada, akalipuliza ile kona, akaliweka kwapani. "Mtu akimkasirikia mtani, kitu kinabaki kwa mtani. Waulize wazee wako."

Wazee walikuwa barazani, wamesikia kila kitu. Hakuna aliyeinua macho. Elieza akapita katikati yao, akaondoka na gari la jioni.

"Twalibu," shangazi Mwanajuma alisema, akikaa chini, "mimi nimefiwa jana. Leo umenitia msibani tena. Mtani hagombwi! Hata mwendawazimu hamgombi mtani! Kesho Tabora nzima watasema watoto wa Lukumani wamempiga Mgogo kwenye matanga."

"Ameichoma, shangazi."

"Angeichoma nyumba, tungecheka!"

Hakukuwa na haja ya kungoja kesho. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Mtendeni, ila njiani ilikuwa imeota mkia: Twalibu amemtia mtani kichwa, mtani amevunjika jino. Bahati moja tu aliyokuwa nayo ni kwamba hakuna aliyejua kilichogombaniwa ni nini. Wengine walisema ni sinia.

Bi Zeyana alikuja kutoa mkono wa tanzia siku iliyofuata. Aliketi na wanawake, akasoma dua, akanywa kahawa kidogo kwa heshima. Alipoinuka alimwona Twalibu kwenye kibaraza, akamwita kwa kidole.

"Nasikia umegombana, mwanangu."

"Kidogo, Bibi."

"Shetani huyo. Mtafute mkapatane." Akashusha sauti. "Umeipata nafasi ya kuisikiliza?"

"Bado, Bibi. Msiba."

"Basi ndiyo bahati. Lakini iko salama?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni, limekaa kwenye ulimi. Akaona mikono ya bibi iliyoshika tasbihi, hina imefifia kwenye kucha.

"Iko salama, Bibi. Nitakuletea stesheni mwenyewe."

"Mungu akubariki," alisema Bi Zeyana.

Hakuweza kula. Jioni alimfuata shangazi, akamweleza yote tangu Mtendeni, santuri, amana, uongo. Mwanajuma alisikiliza huku anachambua mchele, na kadiri alivyosikiliza mikono ilipungua mwendo.

"Kwa hiyo kile si sinia."

"Si sinia, shangazi."

"Na yule mama anasafiri Jumamosi." Akaweka ungo chini. "Gari lake likitoka hapa linapita Kigwa. Sisi tutatangulia na gari la mizigo la asubuhi, gadi namfahamu, mkewe nilimkanda alipojifungua. Utamwendea Elieza, utapatana naye, utachukua kitu chako, utampa bibi dirishani. Kuku nitabeba mimi."

"Nimwambieje? Nimwombe radhi?"

"Wee! Usithubutu!" Mwanajuma alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama kuku aliyejipeleka sokoni. "Ukimwomba mtani radhi, umemwambia kwamba kweli ulikasirika. Umemfanya mtu baki. Mtani anatukanwa, mwanangu. Nenda kamtukane vizuri, acheke, ndipo yameisha."

"Mimi sijui kutukana, shangazi."

"Ndiyo msiba wa pili huo," alisema Mwanajuma.

Jumamosi asubuhi walipanda behewa la gadi, wao na kuku. Mwanajuma hakufunga mdomo tangu stesheni: nani ameoa, nani ameachika, nani anasemekana kahamia kijiji cha ujamaa kwa kukimbia mke wa kwanza. Gadi alikuwa anacheka. Twalibu alikuwa anapanga matusi. Alipanga moja, akalionja, akalitupa. Lingine lilikuwa kali mno, lingine lilikuwa la kitoto. Nje miombo ilikuwa inapita, kijivu, haina mwisho. Nyuma yao, alijua, Bi Zeyana alikuwa anafunga masanduku, na baada ya muda angekaa kwenye benchi la stesheni akitazama mlango.

Kigwa ni stesheni ndogo. Jengo moja, matangi ya maji, nyumba za genge la reli zilizopangwa mstari, na jua. Wanaume wa genge walikuwa wanakula chini ya banda la mabati, Elieza katikati yao, bakuli la mlenda mbele yake. Bertila, mkewe, alikuwa anaongeza ugali. Walipomwona Mwanajuma na kuku wake, mikono ilisimama.

"Mkono wa Mnyamwezi umebeba kuku!" mmoja alisema. "Leo dunia imegeuka."

"Huyu si kuku, ni mjumbe," alijibu Mwanajuma. "Ninyi Wagogo mngejuaje kuku, mmezoea kuomba mayai?"

Wakacheka, ila Elieza hakucheka. Alikuwa anamtazama Twalibu. Mwanajuma akampa kijana kiwiko cha mbavu. Na Twalibu, ambaye alikuwa amepanga matusi tangu Tabora, alifungua mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe inasema:

"Shikamoo, mzee Elieza. Nimekuja kuomba samahani."

Mwanajuma alifumba macho.

"Marahaba," alisema Elieza, polepole. Alikata tonge, akaliangalia. "Shikamoo. Samahani. Mimi ni nani kwako, Twalibu? Karani? Hakimu? Mnanipigia magoti sasa kama mgeni?" Akageuka kwa wenzake. "Mnaona? Mimi nimezika Wanyamwezi tangu ujana wangu. Leo napewa shikamoo." Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na Twalibu akaelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba alimuumiza mtu.

Hapo, mbali, upande wa magharibi, ikasikika honi. Gari la abiria lilikuwa linakuja.

"Elieza, ndugu yangu, mtoto huyu ni mpumbavu..." Mwanajuma alianza.

"Mwache aseme mwenyewe."

Twalibu alitaka kusema. Alitaka kusema haraka, yote kwa pamoja, kuwahi honi. Akajizuia. Hakujua kwa nini alijizuia. Pengine kwa sababu hakuna kilichobaki. Alisimama, mikono imelegea. Genge zima lilikuwa linamtazama. Kuku alilia mara moja akanyamaza. Honi ikapiga tena, karibu zaidi, na bado hakusema. Alimwona Bertila amesimama na mwiko hewani. Alimwona Elieza anaacha kutafuna. Kimya kikawa kizito, kikaanza kuwauma, mmoja akajikohoza, na Twalibu akahisi, kama mtu anavyohisi embe kwa kidole, kwamba sasa hivi, si kabla, kimeiva. Akatazama lile bakuli.

"Kumbe ni huo mlenda," alisema, kama anayejisemea. "Na mimi tangu juzi najilaumu kwamba nilikusukuma. Mtu aliyejaa mlenda hivyo, hata upepo wa feni ukimgusa anateleza mwenyewe."

Kisha Elieza akatoa mlio, kama behewa linaloachia breki, na mlenda ukamtoka puani. Genge likalipuka. Mmoja aliangukia mgongo wa mwenzake, Bertila akapiga mwiko kwenye sufuria, Mwanajuma akapiga kigelegele kana kwamba ameozesha binti.

"Ameteleza mwenyewe!" Elieza alikuwa analia kwa kicheko, anajifuta kwa mkono wa shati. "Mbwa huyu! Mnyamwezi mbwa! Umejifunza wapi? Leteni huyo kuku. Mungu wangu, kuku gani huyu, amekonda kama mpuliza tarumbeta!"

"Santuri, mtani," Twalibu alisema. "Gari linaingia."

"Santuri ndiyo nini?"

"Kile kisahani cheusi!"

Elieza alimtazama mkewe. Bertila alitazama matangi. Kando ya nyumba yao, juani, palikuwa na pipa la maji, na juu ya pipa, kama kifuniko, kimekaa sawasawa kana kwamba kimetengenezewa pale, kilikuwa kile kisahani cheusi.

"Kilikuwa kinafaa," alisema Bertila kwa sauti ndogo. "Vumbi, mbu... Lile karatasi lake nimelihifadhi ndani, zuri."

Twalibu aliichukua kwa viganja viwili. Ilikuwa ya moto. Aliiinua mbele ya jicho akaitazama ubavuni: upande mmoja ulikuwa umeinuka kama ukingo wa kikaango. Si sana. Lakini sindano ya santuri haijui "si sana." Bertila alikuja mbio na jalada, kona yake nyeusi, na Twalibu akaitumbukiza ndani, akakimbia, na nyuma yake wote wakakimbia, genge, shangazi, na kuku.

Gari lilisimama na kupumua. Twalibu alipita chini ya madirisha akiita, "Bi Zeyana! Bi Zeyana wa Mtendeni!" Behewa la tatu, la nne, vichwa vinatoka, watu wanauliza nani amefiwa. Daraja la pili, dirisha la katikati, akamwona. Uso wake ulikuwa mdogo ndani ya buibui. Alinyoosha mikono tu.

"Bibi, nilikudanganya," Twalibu alisema, huku anahema. "Haikuwa salama. Mtani aliichukua msibani. Imeungua jalada. Ilikaa juani, imepinda."

Bi Zeyana aliitoa kwenye jalada. Aliiweka usawa wa jicho, kama Twalibu alivyofanya, akaizungusha.

"Italia?"

"Sijui, Bibi."

"Nilikaa kwenye benchi mpaka kengele ya mwisho. Nilisema moyoni, mtoto huyu ameniibia." Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Mwanangu atanipokea na hii. Ndicho alichoomba peke yake."

Twalibu aliona mikono ya bibi inatetemeka, akadhani ni hasira.

"Usinitazame hivyo. Nimeanza kutetemeka tangu alfajiri, si kwa ajili yako. Nimezaliwa Mtendeni mimi. Kiarabu changu ni cha kuswalia. Huko ninakokwenda sijui hata bei ya vitunguu." Akatazama nyuma ya Twalibu, kwa Elieza aliyekuwa amesimama mikono kiunoni, mlenda bado kwenye kidevu. "Ndiye huyo mtani mwenyewe?"

"Ndiye, Bibi."

"Mmepatana?"

"Tumepatana."

"Mna bahati. Mimi huko sitakuwa na mtani hata mmoja."

Gadi akapiga filimbi. Mabehewa yakagongana, moja hadi jingine. Elieza, ambaye masikio yake yalikuwa makubwa kama mdomo wake, alisogea mbele, akapiga bati la behewa kwa kiganja.

"We Mnyamwezi mweupe!"

Abiria wakageuka. Mwanajuma akajishika mdomo. Hakuna aliyewahi kumwita bibi yule hivyo, wala mtu yeyote wa kwao.

"Ndiyo, wewe! Unafikiri utapita Ugogo bure? Babu zako walipita na misafara yao, wakatulipa hongo ya njia, nguo na shanga, wakilia kiu! Ukifika Dodoma teremka ulipe, la sivyo tutalala relini!"

Gari lilianza kutembea. Bi Zeyana alikuwa anamtazama Elieza bila kupepesa. Twalibu akatembea pamoja na dirisha, moyo unamdunda, akiwaza kwamba sasa ndiyo yameharibika yote, mama wa watu anaondoka nchini na tusi la mwisho masikioni. Dirisha likaongeza mwendo, na bado yule mama alikuwa kimya, na genge zima la Kigwa limesimama mdomo wazi.

Ndipo akajitokeza mpaka kiunoni, buibui linapepea, mkono mmoja umeshika dirisha.

"Hongo ya nini, Mgogo?" alipiga kelele, kwa sauti ambayo Mtendeni haikuwahi kuisikia. "Visima vyenyewe tope! Punda wetu walikataa kunywa!"

Elieza akapiga magoti kwenye changarawe. Alicheka mpaka hakutoa sauti. Mwanajuma alikuwa anapiga vigelegele, na behewani kuna waliokuwa wanacheka na hawajui wanacheka nini, na Bi Zeyana mwenyewe alikuwa anacheka, uso wote umelowa, anawapungia kwaheri kwa mkono uliokuwa na santuri, iko nje ya jalada, nyeusi, inameremeta kwenye jua la mchana.

"Bibi! Jua!" Twalibu alikuwa anakimbia. "Itie ndani! Itapinda zaidi! Jua, Bibi!"

Magurudumu yalimeza maneno yake. Bibi aliona tu mdomo wa kijana unavyofunguka na kufungika, na akidhani hilo nalo ni tusi, akaipunga kwa nguvu zaidi.